Baba Gani Aliyekufa?

Kila asubuhi Nzigire na kaka yake Bonheur walisubiri basi la shule mbele ya nyumba za ghorofa walimoishi mtaa wa Highview, mjini Louisville, Marekani. Siku moja Nzigire hakuwa amesoma sura ya kitabu aliyopewa na mwalimu. Jioni nzima alikuwa ametazama video kwenye simu.

"Yaya, wewe ulisoma kitabu hiki mwaka jana. Katika sura hii kunatokea nini?" akamuuliza Bonheur, kwani kwao kaka mkubwa huitwa yaya.

"Bon, sawa, baba ya ule mtoto, Daniel, anakufa. Mtoto analia. Ni ile tu," Bonheur akajibu, macho yakiwa barabarani.

Darasani walisoma kwa vikundi. Mmoja alieleza sura kwa ufupi, wenzake wakamuuliza maswali, na kila jibu lilipaswa kuonyeshwa kitabuni. Ilikuwa zamu ya Nzigire. Mwalimu alikuwa amemwahidi kwamba akifanya vizuri, angetoka darasa la Kiingereza la wageni na kusoma masomo yote na wenzake.

"Baba yake Daniel alikufa," Nzigire akasema bila kusita. "Daniel akabaki peke yake."

Jeptoo, msichana Mkenya, akafunua kitabu. "Kama baba amekufa, huyu anayekuja kumchukua mwishoni ni nani?"

"Labda mzimu," mvulana mmoja akasema. Kikundi kikacheka.

"Nionyeshe mstari unaosema amekufa," Jeptoo akamwambia Nzigire.

Nzigire akapekua kurasa. Hakujua hata pa kuanzia.

Madamu Kanyana, msaidizi wa darasani aliyetoka Goma, Kongo, kama Nzigire, akainama kando yake. "Aliyekufa ni kaka mkubwa wa baba yake Daniel. Kwetu huyo naye huitwa baba. Nani alikusimulia?"

"Yaya Bonheur."

"Bonheur hakudanganya. Wewe ndiye uliyejifanya umesoma."

Wenzake walipokwenda somo lililofuata, Nzigire alirudi darasa la wageni. Huko akasoma sura yote, polepole, kisha akamweleza Madamu Kanyana, kidole kikiwa juu ya kila mstari.

"Sahihi," Madamu akasema.

"Basi naweza kuhama?"

"Hapana. Mwalimu ameamua usubiri muhula ujao, nami siwezi kumpinga. Ukieleza ulichosimuliwa, unabeba makosa ya msimulizi, na huna ukurasa wa kukutetea. Ulikuwa na uwezo huu tangu jana, Nzigire. Ndiyo maana inauma."