Betri ya Mama Perpetua

Tanuri la Ifakara lilimeza tani tisa za pumba za mpunga kwa siku na kutema silikoni safi, bila mtu kuligusa. Silikoni hiyo ilipakwa kwenye upande hasi wa betri za visukumadamu, vifaa vinavyopandikizwa kifuani moyo unapochoka.

Asubuhi hiyo mhandisi wake, Ekzaveria Lihami, alikuwa na betri moja tu chini ya darubini. Ilikuwa imetolewa kifuani mwa mama yake. Mama alikuwa wodini, akiishi kwa mashine ya kuazima, na madaktari walishasema angeweza kupasuliwa mara moja tu tena, kuwekewa betri mpya.

Nyufa zilikuwa kila mahali. Silikoni ina uroho: wakati wa kuchajiwa, ikinywa lithiamu hadi mwisho huvimba zaidi ya mara tatu, ikiitoa husinyaa, na kidogo kidogo hujivunja. Ndiyo maana maelekezo yalisema chaji iishie themanini kwa mia.

"Baba, ulikuwa unaishia themanini?"

Mzee Apolinari, aliyekuwa akimchajia mkewe kila siku, alivua kofia. "Nilikuwa najaza, mwanangu. Hata mgeni hatumpakulii sahani nusu. Sasa mama yako nimpe moyo pungufu?"

Ekzaveria alitamani kumficha ukweli, akashindwa.

"Kujaza ndiko kulikoivunja, Baba."

Mzee alilia waziwazi, kofia magotini. Binti yake akamshika mabega.

"Kosa ni langu pia. Nilitengeneza kifaa bila kuwafikiria watakaokitumia."

Kwa wiki tatu hakulala vizuri. Akaunda chembetundu, punje za silikoni zenye uwazi ndani, ili zikivimba zivimbie humo humo. Alizijaza na kuzimaliza mara elfu mbili, hazikupasuka. Ila uwazi haubebi umeme: betri ya siku nzima sasa ingedumu nusu siku, na wazazi wake wasingeweza tena kusafiri mbali na nyumbani.

Mama aliporudi nyumbani na betri mpya kifuani, Mzee alipasha joto pedi ya chaji kwa viganja vyake, akaiweka juu ya kifua cha mkewe. Namba za chaji zikapanda. Zilipofika themanini akaanza kuiondoa.

"Endelea, Baba," Ekzaveria alisema. "Hii inajazwa."

Mzee hakuweza. Ndipo Mama Perpetua akaufunika mkono wa mumewe kwa wa kwake, akaukandamiza palepale kifuani, na hakuuachia hadi namba zilipotimia mia.