Sinema ya Ng'ombe wa Mzee Rwegasira

Gulio la Kanoni lilikuwa limefurika siku ile Elpidius alipopiga hatua moja nyuma ili akione vizuri kibao alichokuwa akikichora juu ya mlango wa duka, akamkanyaga Kyarimpa. Akageuka kuomba radhi, brashi ikiwa mkononi, na rangi nyekundu ikapita kwenye gauni jeupe la popilini kuanzia begani mpaka kiunoni.

"Umenichora!" alisema Kyarimpa, akikidaka kibuyu chake cha samli.

"Samahani, dada. Ningejua unapita ningechanganya rangi nzuri zaidi."

"Kumbe na mdomo nao unao!"

Akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza kijana. Kabla jua halijapinda, Elpidius, mtoto wa wakulima wa migomba wa Chonyonyo, alikwisha jua kwamba binti anatoka kwa wafugaji, na kwamba baba yake, mzee Rwegasira, hajawahi kumsifu mkulima yeyote tangu azaliwe.

Wakawa wanakutana kila gulio. Walipochoka kujificha, mshenga Protase akatumwa bomani. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa kifupi:

"Asiyejua kumtazama ng'ombe hatajua kumtazama mke. Amchore Bihogo wangu. Nikimtambua, tutazungumza. Nisipomtambua, arudi kwenye ndizi zake."

Bihogo alikuwa ng'ombe mwekundu wa kuiva, fahari ya boma zima. Hata jina lake ni la rangi hiyo. Elpidius alikwenda kumtazama alfajiri tatu, akarudi kwake akachora wiki tatu.

Ndipo wakaja Wazungu wa sinema. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka hamsini na nne. Walisikia kuna mchoraji aliyejifundisha mwenyewe, wakataka kutengeneza filamu ya maisha yake na kazi zake. Wakamnawisha uso mara saba mbele ya kamera, wakamtembeza shambani amebeba picha ya Bihogo kichwani, kisha wakaondoka nayo kabla mzee hajaiona.

"Ataiona sinemani," walisema.

Filamu ilifika mwezi wa kumi. Ukumbi wa misheni ulizibwa madirisha kwa mablanketi saa nane mchana, watu wakajaa mpaka mlangoni. Mzee Rwegasira alikaa mbele, kanzu nyeupe na koti, fimbo kati ya magoti. Elpidius alipoonekana ananawa, watu walipiga makofi. Aliponawa tena, wakacheka. Kisha Bihogo akajaa kwenye shuka jeupe lililotundikwa mbele. Pembe zilikuwa zake, na sikio lenye pengo lilikuwa lake. Lakini alikuwa mweusi tii.

Mzee akasimama. "Huyu ni nani?"

"Ni Bihogo, mzee," Elpidius alijibu kutoka nyuma.

"Bihogo ni mwekundu! Umechora ng'ombe wa watu, ukampachika pembe za wangu!"

Akatoka na fimbo yake. Kyarimpa alimkuta Elpidius nje, akiwa hajui pa kuweka mikono.

"Alfajiri tatu umesimama zizini kwetu! Ulikuwa unatazama nini?"

"Wewe."

"Usinitanie!"

"Kipenzi changu, naapa nilipaka nyekundu. Labda wale Wazungu wamempaka upya."

"Waje toka kwao kumpaka rangi ng'ombe wa baba?"

Machozi yalimtoka Kyarimpa. Alimpenda mno, na kilichomuuma ni kuona bahati yao imechezewa. Akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake filamu ilirudiwa. Kyarimpa alikwenda peke yake, ingawa asingekiri kwamba alitaka kumwona Elpidius. Safari hii hakumtazama ng'ombe, alimtazama mwanaume. Akaona shati alilovaa, shati jekundu alilomnunulia yeye mwenyewe kwa samli ya miezi miwili. Lilikuwa jeusi.

"Shati langu!" alipiga kelele, ukumbi mzima ukaruka.

Alikimbia hadi nyumbani, akamshika baba yake mkono. "Tata, twende ukaone shati."

"Sina haja ya shati."

Lakini alikwenda, na filamu ikaonyeshwa tena. Alitazama filamu yote, mwishoni akaguna kwa huruma. "Maskini, kumbe ile mashine ni kipofu wa rangi."

Jumapili Elpidius na Protase walifika bomani na kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi ya kuposea. Shikamoo zikaitikiwa, mzee akakohoa.

"Picha wameondoka nayo. Basi nichoree kwa mdomo. Shingo yake ikoje?"

Elpidius akaeleza wekundu wa buni mbivu, unavyokolea kuelekea nunduni, unavyong'aa kwa umande. Mzee alifumba macho akatikisa kichwa kwa raha.

"Na ubavu wa kushoto? Ana alama gani?"

Elpidius akamtupia jicho Protase. Protase akamkanyaga mguu: sema lolote!

"Sijui, mzee. Upande huo sikuwahi kuuona. Kyarimpa alikuwa amesimama upande wa kulia."

Nyuma ya ukuta wa matete mtu alicheka, akajiziba kwa kanga.

"Ng'ombe humjui, kijana," alisema mzee. "Ila hukunidanganya." Akakipokea kibuyu, na Protase akashusha pumzi, maana aliyepokelewa rubisi amepewa mke. "Kesho alfajiri utakuja umtazame ubavu wa kushoto. Kyarimpa atabaki ndani."

"Tata," sauti ikajibu kutoka nyuma ya matete, "basi atautazama ukuta."