Karatasi ya Jina la Mi-ryeong

Asubuhi ya tarehe saba Desemba, Pyo Gi-tae alifungua duka lake la dobi akakuta pasi ina moto. Waya wake ulikuwa umezungushwa kwenye mpini kama alivyouacha jana yake, wala haukuwa umechomekwa ukutani. Hata hivyo chuma kilimuunguza kidole. Chumba kilinukia mvuke na wanga, na chini yake harufu nyingine, ya dawa ya kifua.

Aliyekuwa akitumia dawa hiyo ni mkewe, Ok Mi-ryeong, aliyefariki mwaka mmoja na siku tatu kabla ya hapo. Mungu amrehemu.

Gi-tae alikuwa na miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepeleka hadithi kwenye shindano la mwaka mpya la gazeti moja la Seoul, na mtaa wao mzima katika mji wa Jecheon ulijua. Shindano lile halimwandikii aliyeshindwa. Mshindi hupigiwa simu kabla ya Krismasi, na wengine wote huachiwa ukimya. Kila Desemba Gi-tae alibeba simu hata chooni. Bwana Ma, muuza kuku wa jirani, humchungulia dirishani.

"Mwandishi! Imelia?"

"Bado."

"Labda walipiga, ukadhani ni mtu anaulizia suruali yake."

Gi-tae hucheka naye, kisha huenda nyuma ya nguo zilizotundikwa na kukaa huko mpaka uso upoe.

Miaka yote hiyo Mi-ryeong ndiye aliyefua na kunyoosha nguo za watu, mpaka mapafu yakamwishia. Kabla ya kila hadithi kutumwa, alipiga pasi kurasa zake moja moja, kwa moto mdogo, ili waamuzi wasipate karatasi yenye mikunjo. Siku aliyokufa ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma miswada. Alimwita mumewe mara mbili. Gi-tae akasema, "Narudi sasa hivi," akakimbilia posta, akapanga foleni. Aliporudi na stakabadhi mkononi, hakuwa na wa kumwonyesha. Na hadithi ile nayo haikushinda.

Kwa hiyo kumbukumbu ya mwaka, siku tatu kabla ya asubuhi ile ya pasi, iliangukia siku ileile ya posta. Mama mkwe wake, Bi Noh, alikuja kwa basi na samaki mkavu na mapea. Watu hufanya kumbukumbu jioni, kwa utulivu. Gi-tae aliifanya saa nane mchana. Aliandika jina la marehemu kwenye karatasi laini, akaisimamisha juu ya meza ya vyakula, akafungua mlango ili roho iingie, akainama mara mbili huku jicho likiwa kwenye saa. Mwishoni karatasi ile huchomwa, ndipo roho hupata njia ya kutoka.

"Mkwe, mbona unamharakisha? Supu bado inatoa mvuke."

"Posta inafungwa, Mama."

"Na mwanangu je, anafungwa saa ngapi?"

Mswada ulikuwa kwenye meza hiyohiyo. Alishusha karatasi ya jina, akaiweka mezani atafute kiberiti, akatazama saa tena, akazoa kurasa zote kwenye bahasha na kutoka mbio.

Siku ya nne baada ya pasi, nguo zilianza kujinyoosha. Akifungua duka anakuta mashati matatu, manne, kola zimekunjwa kama Mi-ryeong alivyozikunja. Kisha ikaja sauti, mchana kweupe, wateja wakiwa wamesimama: mtu anakohoa nyuma ya makoti. Kisha mlango wa nyuma. Ulikuwa unagongwa polepole, na aliyegonga hakuwa nje.

Bi Noh alipiga simu bila kusalimia.

"Nimemuota. Amesimama na viatu mkononi. Ile karatasi uliichoma?"

Gi-tae alifungua kinywa kusema ndiyo, na hakuweza kukumbuka moshi. Alipekua droo, mifuko, hata mifuko ya suruali za watu. Mwishowe akakaa chini.

"Mama, nadhani nimeituma. Iko Seoul, ndani ya hadithi."

Bi Noh akasema kwa sauti ndogo, "Mlango wa kuingia ulimfungulia. Wa kutoka umemfungia. Nenda kaichukue."

Alipiga gazetini. Alipokea mwanamke aliyejitambulisha kama Tak, katibu wa shindano.

"Samahani, dada. Nikiwa nimesahau karatasi nyingine ndani ya mswada, naweza kuipata?"

"Ina jina juu yake?"

"Ina jina."

"Masharti umeyasoma, bwana. Waamuzi hawatakiwi kumjua mwandishi: karatasi yenye jina ikiwa ndani ya kurasa, mswada unatolewa shindanoni. Wewe ni nani, niutafute?"

Gi-tae alisikia kikohozi nyuma yake, karibu sana.

"Hapana, dada. Nilikuwa naulizia tu."

Akakata simu. Hakugeuka. Alimwambia mama mkwe kwamba gazeti halipokei simu, naye akasema sawa, kwa namna ya mtu asiyeamini.

Siku kumi aliishi hivyo, akifungua redio kwa sauti kubwa ili wateja wasisikie mlango.

Tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi, simu ililia.

"Bwana Pyo Gi-tae? Naitwa Tak. Hadithi yako imefika fainali. Zimebaki mbili."

Miaka kumi na mmoja.

"Ila kuna jambo dogo. Katikati ya kurasa tumekuta karatasi laini, ina jina la mwanamke wa ukoo wa Ok. Huenda imetoka kwenye bahasha ya mtu mwingine, maana zinachanganyika. Kama si yako tunaiharibu kwenye mashine ya kukata karatasi, na hadithi yako inabaki. Kama ni yako, unajua masharti. Unaijua?"

Nguo zote dukani zilitulia.

"Siijui," alisema Gi-tae.

"Humjui huyu mwanamke?"

"Simjui."

Alipoweka simu chini, mifuko ya plastiki iliyofunika makoti ilianza kutikisika, wa mwisho kwanza, kisha unaofuata, kama mtu apitaye katikati yake akisukuma kwa bega, naye Gi-tae akajibanza kwenye meza ya pasi akingoja mikono ije shingoni mwake, kwa sababu aliamini kwamba anastahili, akaanza kuomba kwa maneno ya kanisani aliyoyaacha tangu utotoni, lakini mtikisiko ule ulimpita karibu kiasi cha kumpoza shavu, haukumgusa, ukaenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, na kitasa kikaanza kuzunguka, kulia, kushoto, kulia, na kucha zikakwaruza mbao, na pumzi fupi za mtu aliyechoka zikasikika kutoka chini, pale mtu aliyepiga magoti huweka uso wake atafute hewa.

Gi-tae alifungua mlango ule wazi kabisa. Baridi ikaingia. Kucha ziliendelea kukwaruza, mbele ya macho yake, juu ya uwazi usio na kitu.

Ndipo alipoelewa kwamba mkewe hakuwa amemjia yeye. Alichotaka ni kutoka tu.

Alipiga Seoul, simu ilikuwa inatumika. Alikimbilia treni na ndala za dukani miguuni. Ofisini alimkuta Tak, mwanamke wa makamo mwenye miwani.

"Ile karatasi ni yangu. Ni mke wangu. Nilisema uongo."

Tak alimtazama miguu, kisha uso.

"Imeshakatwa, Bwana Pyo. Na hadithi yako sasa..."

"Itoeni. Nipe taka za mashine."

Akapewa mfuko mkubwa. Alipiga magoti sakafuni katikati ya meza za waandishi, akamwaga tepe za karatasi, akaanza kuchambua. Karatasi ya jina ilikuwa laini na ya rangi ya maziwa. Nyingine zote zilikuwa nyeupe na ngumu. Watu walimruka wakienda kuchukua kahawa. "Ndiye yule wa fainali?" mmoja alinong'ona. Masikio yalimwaka, akaendelea. Mpaka taa zinawashwa alikuwa amepata tepe nane. Alizipanga zikasomeka. Palikuwa na mwanya wa utepe mmoja, na Tak mwenyewe alivua viatu akamsaidia kuutafuta, wasiuone.

Bi Noh alimngojea dukani. Alipika wali mpya, akaweka supu, na safari hii waliacha ipoe yenyewe. Gi-tae aliinama mpaka kipaji kikagusa sakafu, akakaa hivyo, akamwambia marehemu yote, hata lile neno "simjui." Kisha wakafungua mlango wa nyuma, wakachoma tepe nane katika sahani. Moshi ulitoka mwembamba, ukasita kizingitini, ukaenda.

Mkwaruzo ulikoma. Wakasikiliza muda mrefu.

"Amekwenda, Mama?"

Bi Noh alianza kukusanya vyombo. Bakuli moja la wali aliliacha mezani na kijiko chake.

"Sehemu yake kubwa imekwenda," alisema.