Tairi Lisilotoboka na Onyo la Mtani

Wenzangu wa Chiwata, na nyie wa Newala mnaokaa juu huko mkitucheka sisi wa chini kwa vumbi letu, sogeeni. Habari hii ilianza kwa kicheko. Mwisho wake hakuna aliyecheka.

Asubuhi ile shambani kwa Dunstan kulikuwa shwari. Ulikuwa msimu wa korosho, na mabibo yaliyodondoka yalinukia utamu wa togwa linaloanza kuchacha. Mkewe, Anjelina, alikuwa akizinyofoa korosho kutoka kwenye mabibo. Binti yao wa pekee, Selestina, aliokota huku akiimba nyimbo za kwaya, mstari mmoja wa kweli na mmoja wa kujitungia. Dunstan mwenyewe alikuwa kivulini, baiskeli ameipindua magurudumu juu, anahangaika na tairi jipya la nyuma.

Baiskeli ile ndiyo ilikuwa miguu ya nyumba yao. Shamba liko bondeni, mbali na kijiji. Bodaboda hawashuki kule kwa mchanga na mawe, na simu haishiki mtandao mpaka uupande mlima. Maji, korosho, mgonjwa, vyote vilisafiri juu ya keria. Lakini miiba ya njia ile ilikuwa imemnyanyasa Dunstan kwa pancha hadi watu wakambandika jina la Bwana Viraka. Jina lilimchoma kuliko miiba. Ndipo alipokwenda Masasi akarudi na tairi nene lisilopitisha mwiba, gumu kama soli ya buti.

Sasa, tairi la namna hiyo ni kama mwali aliyetoka unyagoni: huliingizi ndani kwa kulivuta mkono. Lataka taratibu. Dunstan hakuwa na taratibu. Kipande cha mwisho kilipogoma kuingia kwenye rimu, alichukua bisibisi, akakaza meno, akasukuma. Likaingia kwa kishindo.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Nani Bwana Viraka sasa?"

Hapo akatokea Sultani, jirani wa shamba la pili. Sultani ni Myao, Dunstan ni Mmakonde, watani wa tangu mababu. Mnajua mambo ya utani: mtani akikutukana unacheka, akichukua kitu chako unacheka, ukinuna umejiaibisha.

Sultani aliinama, akalizungusha gurudumu. Lilikuwa likipanda na kushuka, na karibu na valvu ukingo wa tairi ulikuwa umevimba.

"Mmakonde, tairi lako limemeza mpira wake wa ndani kama chatu aliyemeza mbuzi," alisema. "Livue, uanze upya. Toa upepo wote, zamisha ukingo katikati ya rimu pande zote, anzia mbali na valvu, umalizie kwenye valvu kwa vidole gumba. Bisibisi mwachie fundi redio."

"Myao nawe! Unataka nishinde hapa, unitangulie kufikisha korosho."

"Haya. Siku likikutapika pale mteremkoni, mimi nitakuja kula ubwabwa wa msiba wako. Nitakula sahani mbili."

"Kula tatu, bwana!"

Wakacheka wote, hata Selestina. Sultani akanyanyua pampu na vyuma viwili vya kung'olea tairi vilivyokuwa chini. "Na hivi ni vyangu. Mwenye tairi lisilotoboka vya nini kwake?"

"Chukua, maskini wewe!" Dunstan alijibu, na akaona fahari kweli kutoa pampu mbele ya mkewe.

Sultani alipoondoka, Anjelina alisema polepole, "Baba Selestina, lakini gurudumu linayumba kweli."

"Litajinyoosha lenyewe."

"Mwenzio kasema livuliwe."

"Yule mtani, mama. Tangu lini mtani akawa na maneno ya kweli?"

Jambo likaishia hapo. Dunstan alijaribu mara moja, peke yake, kulivua tairi lile. Ukingo ulikuwa umebana kama jino la mamba, na vyuma viko kwa Sultani. Kwenda kuviomba kungekuwa kukiri. Akaliacha. Akaanza kuizoea ile baiskeli ikimdundisha njia nzima, kama mtu anavyozoea kuumwa kiuno.

Korosho zilipokuwa zinakaribia kuisha, Selestina alipitisha mguu kwenye majani makavu chini ya mkorosho, akapiga kelele moja fupi. Kifutu, nyoka yule mnene mvivu asiyekimbia mtu, alikuwa amemuuma juu kidogo ya vidole.

Anjelina hakupoteza muda kulia. Alimpakia mtoto kwenye keria. "Nenda! Mimi nakata njia kwenda kwa Sultani, nikatafute msaada."

Dunstan alikanyaga pedeli kama mwenda wazimu. Mguu wa mtoto ulikuwa tayari umeanza kujaa. Walipofika mteremko wa mawe, kabla njia haijapanda kijijini, gurudumu la nyuma lilidunda mara mbili, kisha mpira ukalipuka kama baruti. Tairi liliruka kwenye rimu upande mmoja, likajisokota ndani ya foku, ule uma unaoshika gurudumu, gurudumu likagoma. Wakaanguka, baba chini, mtoto juu yake.

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye uchungu wote. Dunstan angembeba mtoto mgongoni akaondoka. Badala yake alipiga magoti kwenye baiskeli.

"Nalitoa sasa hivi, mwanangu. Sasa hivi."

Alilivuta kwa vidole. Upande uliotoka ulikuwa umekwama kwenye foku, na upande uliobaki haukusogea hata nywele. Akatia kijiti, kikavunjika. Akatia jiwe. Kucha zikang'oka, damu ikachanganyika na vumbi. Kitu alichokiingiza kwa nguvu kilikataa kutoka kwa nguvu.

"Baba," Selestina alisema, midomo imekauka, "tutembee tu."

"Bado kidogo."

"Baba, tutembee."

Alipoinua uso na kuutazama ule mguu, jua lilikuwa limeshahama kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine. Mguu umevimba hadi gotini, umeanza kuwa mweusi. Ndipo alipombeba, akapanda mlima anahema kama ng'ombe. Sultani aliwakuta karibu na kilele, akija mbio na baiskeli yake, Anjelina nyuma yake, baada ya kumtafuta shamba hadi shamba. Sultani alifunga breki. Alimchukua mtoto, akampakia, akaondoka. Zahanati iliwapeleka hospitali, Masasi.

Selestina alipona. Mguu haukupona. Walimkata juu ya kifundo. Daktari hakuwalaumu, alisema tu kwamba sumu ile hula nyama kila inapopewa muda.

Sultani alikuja kumwona mgonjwa akiwa amevaa kanzu safi, kofia mkononi. Dunstan alimwona tangu mlangoni, akajikaza kuupokea mzaha. Aliutaka hasa. Alitaka aambiwe Bwana Viraka mbele ya wodi nzima, achapwe kwa maneno.

Sultani alichuchumaa. Alitoa pampu na vile vyuma viwili kwenye mfuko wa rambo, akaviweka taratibu pembeni ya kitanda.

"Sema, Myao," Dunstan aliomba. "Nitukane."

"Leo sina, bwana." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nilikwambia kweli kwa mdomo wa mzaha, halafu nikaenda zangu na pampu yako. Ningerudi kesho yake nikakwambia bila kucheka, ungesikia?"

Dunstan alifunika uso. "Hata mke wangu aliniambia bila kucheka. Sikusikia."

Wakakaa hivyo, watani wawili wasio na utani, mpaka saa ya kuwatoa wageni.

Mvua zilipoanza, Dunstan alilivua tairi lile. Safari hii alipaka maji ya sabuni, akazamisha ukingo katikati ya rimu, na tairi likatoka bila ugomvi. Akatia mpira mpya wa ndani, akalivisha upya kwa vidole gumba. Kisha alimwita Selestina, aliyekuja kwa magongo yake, akaketi, akapitisha kidole kuzunguka gurudumu lote, akiufuata mstari ulio ubavuni mwa tairi kuhakikisha haupandi wala haushuki.

"Hapa bado, baba."

"Wapi, mama?"

"Hapa kwenye valvu. Rudia."

Akarudia. Kila siku humpeleka shule kwa baiskeli hiyo, na haondoki mpaka kile kidole kimepita.

FUNZO

Ndugu zangu, hakuna tairi lisilotoboka kwa mtu asiyeambilika. Unene wa mpira haulindi nyumba kama kichwa cha mwenye nyumba ni kigumu kuliko mpira wenyewe. Ukikosea, vua uanze upya. Kurudia si aibu, aibu ni kuacha kosa lizunguke kila siku ukisema litajinyoosha. Mtani akikucheka, cheka naye, lakini akishaondoka kaa upekue kicheko chake, huenda kaacha humo neno la kukuokoa. Nasi watani tujue kuna siku ya kufuta tabasamu ndipo tuseme. Na mkeo akikwambia gurudumu linayumba, bwana, shuka ulitazame.