Zahanati ya Majivu

Treni ya kutoka Tabora ikichelewa, stendi ya Itigi haina nafasi ya kuweka hata mguu. Mabasi ya Singida yanangoja abiria wa treni, abiria wa treni hawaji, na wauza asali wanapenya na madebe yao kati ya magoti ya watu. Mchana huo wa mwaka sabini na nne, vumbi lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye nyusi. Klara alizunguka akitafuta pa kukaa mpaka akachoka. Akaona pembe ya benchi iko wazi, ina kifurushi kirefu tu cha gazeti, akajitupa juu yake na kushusha pumzi.

Kitu kikalia kwach! chini yake.

"Dada," ikasema sauti ya kiume, "umekalia zahanati."

Klara aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, nywele amezitimua juu kama walivyofanya vijana wa mjini, suruali yake ya bugaluu imefagia stendi nzima. Mkononi alikuwa na soda, na usoni alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa.

"Nimekalia nini?"

"Zahanati. Chumba cha kujifungulia, stoo ya dawa, baraza la wagonjwa. Vyote viko chini yako."

"Na nani alikutuma ulaze zahanati kwenye benchi la abiria?" Klara alisimama, akakung'uta gauni lake la kitenge cha njano. Kwa viatu vyake vya raizoni alimfikia kijana masikioni. "Watu wazima wamesimama, zahanati imelala!"

Kijana alifungua gazeti. Ndani mlikuwa na karatasi ya kunakilia ramani, ile nyembamba ambayo ukiweka mkono nyuma yake unauona. Ilikuwa na mistari mitupu ya wino mweusi, maneno bado hayajaandikwa, na katikati ilikuwa na kunyanzi kubwa lenye umbo ambalo adabu inakataza kulitaja. Klara aliliona. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakachora njia kwenye vumbi la mashavu yake. Kijana naye akacheka, kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Jina lake lilikuwa Alute, mchora ramani wa Ushirika wa Mafundi wa Utemini, Singida mjini. Alikuwa ametoka kuangalia kiwanja katika kijiji cha ujamaa cha Juhudi, ambako mkoa ulikuwa umetangaza zabuni ya kujenga zahanati.

"Juhudi ni kijiji changu!" alisema Klara. "Mimi ndiye Bibi Maendeleo wa huku."

"Basi umekalia ya kwako mwenyewe." Alute akaikunja karatasi, akampa. "Chukua. Mimi nitachora nyingine. Hii itakuwa zahanati ya kwanza duniani kukaliwa kabla ya kujengwa."

Hivyo ndivyo yalivyoanza, na laiti yangeendelea hivyo, kwa kicheko, mtu asingechoka kuyasimulia. Lakini wapenzi hawana huruma na watu.

Miezi miwili walikuwa asali na sega. Klara akija Singida kwenye mikutano ya mkoa, Alute alimpokea stendi na kumbebea kikapu bila aibu, wakaenda kando ya ziwa Kindai wakala mahindi ya kuchoma, upepo ukiwapiga mpaka wakazungumza kwa kupiga kelele.

"Mchoraji wangu!"

"Naam, Bibi Maendeleo wangu!"

"Tukioana utanijengea nyumba?"

"Kwanza nishinde zabuni!"

Na hapo ndipo penye shida. Ushirika ulikuwa umeomba kazi nyingi na kushindwa zote. Mzee Yeremia, mwenyekiti wao, alikuwa amesema wazi: wakikosa Juhudi, kila mtu achukue mwiko wake aende zake. Serikali ilikuwa imetangaza kuhamia Dodoma, na huko wachora ramani walitafutwa kama maji kiangazi. Alute angekwenda, na kazi ya Klara ilikuwa Itigi. Wote wawili walijua, na hakuna aliyependa kulisema.

Mshindani wao alikuwa Bwana Stefano, mkandarasi mwenye Peugeot na tumbo. Mkoa ulikuwa umekagua makisio ya bei, ukaona pande zote mbili zinafaa. Sasa wanakijiji wenyewe ndio wangechagua mchoro, hadharani.

"Sikiliza, laazizi," Klara alimwambia siku moja ziwani. "Watu wangu hawajazoea ramani. Wewe unachora nyumba kama unaitazama kutoka mbinguni, paa umelivua. Nani amewahi kuiona nyumba hivyo? Wachoree chini kwa majivu, kwa vipimo vyake vyenyewe. Waingie, watoke, wabishane."

"Majivu?"

"Majivu."

"Klara, mimi sikukesha chuoni nije kuchezea majivu kama mtoto. Nitawaeleza, wataelewa."

"Utaeleza mpaka koo likauke."

"Ni koo langu."

Wakanuniana mpaka basi lilipoondoka. Jambo dogo, lingekwisha. Lakini wiki iliyofuata Philipo, dereva wa lori la ushirika, alirudi kutoka Itigi na maneno mdomoni. Alikuwa amepita Juhudi, akaona uwanja wa mkutano umechorwa jengo zima kwa majivu, na Bibi Maendeleo akishuka kwenye Peugeot ya Bwana Stefano, akisema asante.

Yalikuwa kweli yote. Klara alipewa lifti kwa sababu basi lilikuwa limeharibika. Na jengo la majivu? Alilichora yeye na akina mama wa kijiji, akiwa ameshika ile karatasi yenye kunyanzi. Lilikuwa jengo la Alute. Alitaka kumshtua kwa furaha. Alute hakuuliza. Alikwenda posta mbio, akaomba simu ya Itigi.

Simu za siku hizo, ndugu msomaji, zilikuwa mkutano wa hadhara. Foleni nzima nyuma yako ilisikia, na mtu wa mitambo wa Manyoni, aliyeunganisha simu, alisikia zaidi.

"Klara! Umempa Stefano majivu yangu?"

"Majivu yako? Si uliyakataa?"

"Kwa hiyo umempa!"

"Alute, mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Philipo amekuona kwenye gari lake!"

"Ongeeni taratibu," akasema mtu wa mitambo wa Manyoni. "Mnaumiza waya."

"Wewe usiingilie!" wakasema wote wawili.

Klara alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: jengo lililoko uwanjani ni lako. Maneno matano, na watoto wangekuwa wamezaliwa mapema zaidi. Aliyasema? Hakuyasema. Alivuta pumzi, akasema, "Kama ndivyo unavyonijua, basi ni hivyo hivyo. Kwaheri."

"Kaka, amekata," alisema mtu wa Manyoni kwa huzuni. "Angalau ungemwacha amalize."

Siku ya kuchagua, Alute alifika Juhudi juu ya lori, karibu na Mzee Yeremia, michoro amekumbatia kifuani. Hakuwa amelala vizuri wala kula vizuri. Upepo wa mashariki ulikuwa unarusha mchanga, na wanakijiji wamekaa wameupa mgongo, khanga na makoti vimefunika vichwa. Klara alikuwa kando na akina mama, gauni la bluu, kichwa amekifunga kitambaa cheupe, mikono yake myeupe kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Hakumtazama.

Bwana Stefano alianza. Alisimamisha picha kubwa ya rangi: jengo jeupe, mbele yake maua, motokaa, na minazi. Minazi! Itigi, ambako hata mbuyu unaomba maji. Watu waliitazama kwa heshima.

"Mlango uko wapi?" akauliza mzee mmoja.

"Utakuwepo," alisema Bwana Stefano.

Zamu ya Alute ikafika. Akafungua ramani yake mpya, imejaa maandishi na vipimo, akaanza kueleza. Alieleza kuta, akaeleza madirisha. Koo likaanza kukauka, kama lilivyotabiriwa. Mbele kabisa alikaa Mama Anastazia, mkunga wa kijiji, amenyoosha mkono.

"Shikamoo mama. Una swali?"

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yenu mbona haina paa?"

"Paa lipo, mama. Nimeliondoa ili muone ndani."

"Utalirudisha?"

"Nitalirudisha, mama!"

"Haya. Usikasirike." Mama Anastazia akanyanyuka. "Sisi tumeshachagua. Tunataka ile ya majivu. Tunazunguka ndani yake siku zote hizi, mpaka mimi najua kitanda cha mzazi kitakaa wapi."

Alute aliona giza. Kumbe alikuwa ameshindwa kabla hajafika, na kwa mkono wa Klara. Akawafuata kwenda uwanjani akisema moyoni kwamba ataangalia tu, kisha atakwenda Dodoma na hatapokea simu tena maishani.

Mistari ya majivu ilikuwa imekandwa kwa maji, minene, mipya. Akasimama. Lile baraza lenye kona alilijua. Ile stoo yenye kidirisha cha kutolea dawa aliijua. Akaingia kwenye chumba cha kujifungulia, akapima kwa hatua zake, na hatua zake zikaishia kwenye mstari kama alivyopima kwenye karatasi.

"Hii ni yangu," alisema polepole. Kisha akakunja uso. "Lakini imegeuka! Mlango nimeuweka mashariki, uangalie barabara. Nani ameupeleka magharibi?"

"Nani atafungua mlango mashariki hapa?" akacheka Mama Anastazia. "Mtoto azaliwe avute mchanga kabla ya maziwa? Aliyechora hii anaujua upepo wetu. Na sisi wenyewe si tunakaa huko magharibi? Barabarani anakuja nani kujifungua?"

Watu wote wakamgeukia Klara kumsifu. Klara alikuwa ameishika ile karatasi yenye kunyanzi, anaigeuza huku na huku, na uso wake ulikuwa unabadilika.

"Mimi sijui upepo wowote," alisema kwa sauti ndogo. "Nilifuata karatasi. Ina uso na mgongo?"

Kumbe aliitandika uso chini, mgongo juu. Mistari ilionekana sawasawa pande zote mbili, wala haikuwa na neno hata moja la kumwonya. Mzee Yeremia alijishika kichwa.

"Tangu lini unaichora hapa?" Alute alimuuliza.

Klara akaikunja ile karatasi. Mama Anastazia akajibu. "Anaichora kila asubuhi. Upepo unaifuta, anairudia. Tulimwambia huyu mchoraji wako hastahili. Akasema tulete majivu mengine."

Alute alisimama katikati ya zahanati yake isiyo na kuta. Angeweza kusema jengo lile ni kosa. Karani wa mkoa alikuwa pale na kalamu yake, na ramani aliyoileta ndiyo ilikuwa ramani ya zabuni. Angeweza kuilinda elimu yake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio, na haikuwa kwa sababu ya mlango.

Akachukua ramani yake mpya, akaigeuza, akaishika mbele ya jua. Mistari ikaonekana kutoka mgongoni, maneno yote yakisomeka kinyumenyume.

"Ndugu wanakijiji," alisema, "ramani yetu ni hii, iko hivi. Klara aligeuza karatasi, lakini mimi ndiye niliyegeuza jengo likatazama upepo. Kesho nitaiandika upya. Vipimo ni vile vile, bei ni ile ile. Anayeikubali anyooshe mkono."

Karani wa mkoa alimtazama mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akaitazama mikono. Ilikuwa msitu. Bwana Stefano alianza kukunja minazi yake, ambayo upepo ulikuwa umeshaichana. Mzee Yeremia alikaa chini palepale, kwenye stoo ya dawa, akaanza kucheka peke yake.

Alute alimkuta Klara nyuma ya lori, ananawa mikono kwenye debe.

"Klara."

"Unaongea na nani? Mimi nilihamia kwa Stefano."

"Nisamehe. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mjinga mbele ya posta nzima! Mtu wa mitambo wa Manyoni akinipigia sasa ananipa pole kwanza ndipo aseme habari za kazi."

"Na wewe kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, Klara!"

"Kwa nini hukuuliza?"

"Mungu wangu, wewe mwanamke!"

"Mungu wangu, wewe mwanamume!"

Wakatazamana, wote wawili wamechoka hoi. Kwenye karai kulikuwa na majivu yamebaki. Alute akalichukua, akaenda mahali palipokingwa na lori, akapiga magoti na suruali yake nzuri mchangani, akaanza kuchora. Sebule. Chumba. Chumba kingine, kidogo, cha baadaye. Mlango akauacha magharibi. Kisha akasimama ndani, majivu mpaka kidevuni.

"Sasa zabuni nimeshinda," alisema. "Nitakwenda kwa wazee wako na wazee wangu, kwa adabu zote. Lakini nataka kujua kwanza kama utaingia."

Klara alizunguka nyumba yote kwa nje, mikono kiunoni. Alizunguka kwa muda uliomtosha Alute kutubu dhambi zake zote.

"Jiko liko wapi?" aliuliza.

Alute akatazama chini. Hakuwa amechora jiko.

Klara alivuta pumzi ndefu ya mtu anayeona maisha yake yote mbele yake. Akavua raizoni zake, akamnyang'anya karai, akachora jiko mwenyewe, kubwa, upande usiopigwa na upepo. Halafu akarudi mpaka mlangoni, akasimama nje ya mstari.

"Hodi," alisema.