Mshumaa wa Nne

Kila Alhamisi akitoka shule, Kiberiti alivua viatu mlangoni, akabadili sare, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha uani. Humo ndimo mama yake alimotengenezea mishumaa. Sufuria ndogo ya nta ilikaa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, na kalibu za bati za kumiminia nta zilipangwa juu ya meza ndefu iliyojaa matone yaliyoganda tangu enzi za bibi. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Kiberiti, maana ukimkwaruza kidogo tu, anawaka.

Siku hiyo aliingia akiwa ameshawaka.

"Mama, ni kweli?"

"Leo shikamoo haipo?" mama akauliza, macho yake kwenye nta.

"Shikamoo. Ni kweli Jumapili mshumaa wa nne anawasha Kimya?"

"Marahaba. Ni kweli."

Kanisani kwao, wakati wa Majilio, yaani zile wiki nne za kungojea kuzaliwa kwa Yesu, shada la majani lenye mishumaa minne liliwekwa mbele ya madhabahu. Kila Jumapili mtoto mmoja aliwasha mshumaa mmoja zaidi. Ule wa nne, mshumaa wa upendo, uliwashwa na mtoto wa nyumba ya mtengeneza mishumaa, aliyetimiza miaka kumi na miwili. Kiberiti alikuwa amengoja mwaka mzima. Alishafanya mazoezi ya kupanda zile ngazi tatu bila kukanyaga gauni lake.

Halafu akaja Kimya. Alikuwa mtoto wa mama mdogo, na mama mdogo alifariki miezi miwili iliyopita. Kimya alikuja na mkoba mmoja, akapewa nusu ya kitanda cha Kiberiti na nusu ya kabati. Sasa na hili! Tena mtoto mwenyewe hasemi, ukimwuliza kitu anatikisa kichwa, na usiku analala ukingoni kabisa utadhani godoro lina miiba.

"Lakini ni zamu yangu!"

"Na yeye ni mtoto wa nyumba hii, na miaka kumi na miwili anayo. Wewe utawasha mwakani."

"Mwakani! Kila kitu mwakani! Kwani mimi ndiye niliyemuua mama yake?"

Mama aliweka mwiko mezani kwa kishindo hadi nta ikaruka. Akamgeukia binti yake. Aliyefariki alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na Kiberiti alilijua hilo vizuri.

"Neno hilo lisitoke tena kinywani mwako," akasema taratibu. "Sasa chukua kalibu. Nina mishumaa ya Krismasi ya kanisa zima hapa, na mikono ninayo miwili. Ule wa nne utaumimina wewe."

Mama akaondoka kwenda kuteka maji. Kiberiti akabaki peke yake, anapumua kwa nguvu.

Kazi hiyo aliijua hata akiwa amefumba macho. Unapitisha utambi kwenye tundu la chini ya kalibu, unaufunga fundo, unauvuta hadi juu, kisha unaufunga kwenye kijiti ili usimame wima. Ndipo unamimina nta. Mshumaa unaundwa kichwa chini, miguu juu. Ukitaka kujua kama umeundwa vizuri, unageuza kitako chake na kutazama. Utambi lazima uonekane katikati.

Kiberiti akachukua mkasi. Akakata kipande cha utambi kifupi, kisichozidi kucha mbili. Akakipitisha kwenye tundu, akafunga fundo, akamimina nta hadi juu. Basi. Aende akawashe, tuone!

Mama aliporudi, hakukagua. Alimwambia ahsante tu. Na hiyo ahsante ikamkera Kiberiti kuliko yote.

Jumapili kanisa lilijaa. Kimya alipanda ngazi tatu akiwa amevaa gauni la kijani la Kiberiti, ambalo mama alimwazima bila hata kuuliza. Mshumaa ukashika moto. Watu wakaanza kuimba. Kwa mara ya kwanza tangu aje, Kimya alitabasamu.

Hawajafika ubeti wa pili, moto ukanywea, ukawa bluu, ukazimika.

Kimya akawasha tena. Wapi! Njiti ikamwunguza kidole. Akawasha ya tatu, na sasa waimbaji walikuwa wamenyamaza mmoja mmoja. Mtoto fulani nyuma akacheka. Mwanamke wa kamati ya mapambo, ambaye sauti yake haikujua kunong'ona, akasema, "Kama huu ndio mshumaa wa leo, ya Krismasi si afadhali tuagize kwingine?"

Kiberiti alikuwa ameingoja dakika hiyo kwa siku tatu. Alidhani atafurahi. Hakufurahi. Hilo la Krismasi hakuwa amelifikiria hata kidogo.

Mama alisimama, akapanda ngazi, akautoa mshumaa kwenye shada. Akaugeuza kitako. Akautazama kidogo tu. Kisha akamshika Kimya begani na kuwageukia watu.

"Mtoto huyu hana kosa," akasema. "Mshumaa umetoka katika chumba changu cha kazi. Kosa ni langu. Naombeni radhi."

Walirudi nyumbani. Mama akaenda uani. Kiberiti alipoingia chumbani alimkuta Kimya anashindilia nguo kwenye mkoba wake.

"Unafanya nini?"

"Naondoka."

"Unakwenda wapi?"

"Popote. Kule msibani shangazi alisema nina mkosi. Mama kafa. Sasa hata mshumaa unanikataa, na mama mkubwa atakosa kazi kwa ajili yangu."

"Toa nguo humo!" Kiberiti akafoka. "Mkosi gani? Huna mkosi wowote!"

"Wewe unajuaje?"

"Kwa sababu ni mimi! Ni mimi niliyekata utambi! Nilikata kipande kifupi makusudi, ili uzimike mikononi mwako watu wakucheke. Haya, umeridhika?"

Kimya alikuwa ameshika shati. Halafu akalitupa shati, akatupa na mkoba, na yule mtoto aliyekuwa akitikisa kichwa tu akapata sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Mimi nilikuomba mshumaa? Nilikuomba kitanda? Kila usiku najibana ukingoni ili wewe ulale vizuri! Silitaki gauni lako! Silitaki kabati lako! Mimi nilimtaka mama yangu!"

Kiberiti akafungua kinywa kujibu, kama kawaida yake. Machozi ndiyo yalitoka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mshumaa ule mkononi.

"Mama," Kiberiti akasema, "ni mimi. Nilikata..."

"Najua. Nilijua pale pale mbele ya madhabahu. Kitako cha mshumaa hakidanganyi."

"Ulijua? Ukasema kosa ni lako?"

"Nikasema hivyo. Ulitaka nikuanike mbele ya kanisa zima, hata hujapata nafasi ya kusema mwenyewe?" Mama akaketi kitandani, katikati yao. "Usijidanganye, mwanangu. Nina hasira na wewe. Leo ninazo, na kesho pengine nitaamka nazo. Umemwumiza mwenzako mahali palipokuwa na kidonda tayari. Lakini kukukasirikia si kukuacha. Wewe ni wangu ukiwa umewaka na ukiwa umezimika."

Akamgeukia Kimya. "Na wewe ni wangu. Hakuna mtu wa mkosi katika nyumba hii. Kasirika mpaka uchoke, lakini mkoba urudi uvunguni."

Kimya akafuta kamasi kwa mkono wa lile gauni la kijani. Kiberiti aliona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakufoka.

"Mimi pia nilikosea," mama akaendelea. "Zamu ilikuwa yako, Kiberiti, na gauni ni lako. Ningekuketisha nikakuuliza. Hilo nakuomba radhi. Lakini la utambi ni lako, na utalibeba."

Alilibeba siku hiyo hiyo. Alienda kwa mchungaji, kisha kwa mwanamke wa kamati, akasema lote bila kukata. Mchungaji alimshukuru kwa ukweli wake. Mwanamke wa kamati hakumshukuru. Alimsuta hadi mlangoni, na majirani wakasikia. Lakini mwishoni akasema, "Mwambie mama yako mishumaa ya Krismasi ailete kama tulivyopanga."

Jumatatu wasichana wawili walisimama kwenye meza ndefu. Hawakuwa wakichekeana. Kimya alishika kijiti, Kiberiti akavuta utambi, akamimina. Nta ilipoganda, Kiberiti akautoa mshumaa na kumpelekea mama.

"Kagua kitako, mama."

"Umeumimina wewe?"

"Ndiyo."

"Basi nikague nini?" Mama akaendelea na kazi yake.

Kiberiti akabaki ameukumbatia mshumaa. Kimya akanyoosha mkono, akauchukua, akaugeuza na kuuchunguza kitako kwa jicho moja, kama fundi wa saa.

"Mimi si mama," akasema. Kisha wote watatu wakacheka, ingawa Kiberiti alicheka huku analia.

Jioni ya kuamkia Krismasi mshumaa wa nne uliwashwa na Kimya. Ulishika mara moja, ukasimama wima. Beti zote zikaimbwa, nao ukawaka tu. Mama aliwainamia mabinti zake wawili kwenye benchi.

"Mnaona?" akanong'ona. "Mungu hakutuma ujumbe kwamba mjirekebishe kwanza ndipo nije. Alikuja tukiwa bado tumenuna na tunagombea vitanda. Akamtoa Mwanawe kwa ajili ya watu waliomkosea, akasema hawa ni wangu. Ndicho tunachongojea kila Majilio. Na ukishapendwa hivyo, huna sababu ya kumzimia mwenzako taa."

Usiku ule, walipolala, Kiberiti alisogea ukutani mpaka bega likagusa tofali.

"Njoo katikati," akasema. "Utaanguka huko."

"Bado nina hasira na wewe," Kimya akajibu.

"Najua. Njoo nazo."

Kimya akasogea.