Mjukuu Mwingine

Majini nayajua, hata yale yasiyojijua yenyewe, na chumvi siongezi ila pale panapohitaji. Hili halikuvunja sahani wala kuzima taa. Lilisalimia, tena kwa adabu.

Familia ile ilikuwa ndiyo kwanza imehamia mjini: baba fundi lifti, mama mshonaji, kaka mkubwa, na kitinda mimba, msichana wa miaka sita mwenye mdomo usiojua likizo. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, simu iliwekwa katikati ya meza, sauti ikafunguliwa yote, na kila mmoja akampa bibi habari zake kwa zamu. Bibi hakutaka mtu arukwe.

"Shikamoo bibi!" kitinda mimba alianza. "Huku kuna mzee anaipigia lifti hodi kabla hajaingia! Na jirani anamtembeza kuku kwa kamba!"

"Marahaba. Huyo kuku ana akili kumshinda baba yako." Bibi alicheka. Zamu zilipokwisha, akauliza, "Na huyu mwingine?"

"Mwingine yupi, mama?" baba akashangaa.

"Huyu mjukuu anayecheka pembeni. Mnanificha nini? Njoo, mwanangu, na wewe ni wangu. Sema."

Mezani hakuna aliyesema. Ila ilipita harufu ya nywele zinazoungua, na bibi akaitikia, "Marahaba! Ehee? Kidole cha baba? Masikini!"

Baba akatazama vidole vyake. Vizima, vyote kumi.

"Uzee huo," akanong'ona.

Jumanne mlango wa lifti ukambana kidole.

Jumapili ya pili bibi alimpa mama pole ya kuungua na pasi. Mama aliungua Alhamisi. Jumapili ya tatu bibi alimsikiliza yule mwingine, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo siirudii. Inamhusu kitinda mimba." Akakata simu.

Usiku huo mtoto akaanza kuumwa koo. Asubuhi alipoongea, sauti ilikuwa kama msumeno juu ya bati. Walimficha bibi habari hiyo, presha isimpande.

Mganga aliyeitwa hakufungua hata mkoba wake. Alinusa meza, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Limeingizwa kwenye ukoo," alisema. "Aliyelipokea ndiye wa kulikana. Mimi nikiligusa, nitaondoka nalo."

Wakapiga simu papo hapo, mchana kweupe. Mama akaeleza yote kwa kunong'ona, kana kwamba kulikuwa na wa kumficha. Yote, isipokuwa koo.

"Nimekuelewa, mkwe wangu," bibi alisema. "Waseme kwa zamu. Wajukuu zangu nawajua kwa sauti."

Kaka alisalimia. Kitinda mimba, amepakatwa na mama, akakwaruza, "Shikamoo bibi."

Harufu ya nywele ikajaa chumba.

"Basi," bibi akasema. "Kitinda mimba wangu nimemsikia, anaongea kama kasuku, kama siku zote. Wewe mwenye sauti ya kukwaruza, wewe si wangu. Toka nyumbani kwa mwanangu!"

"Mama, hapana! Huyo ndiye yeye!" baba alipiga kelele, lakini bibi hakumsikia, alikuwa anaongea na mwingine, kwa furaha kabisa: "Kashavaa viatu? Kafika kwenye ngazi? Eh, Mungu mkubwa, kaenda zake!"

Msichana alikuwa bado mapajani, peku, wala hakuna aliyekuwa amefungua mlango, na baba aliukimbilia akazungusha ufunguo mara mbili akaegemeza mgongo, na mama akamkumbatia mwanawe kwa mikono yote miwili akimwita jina lake tena na tena, na mtoto hakulia, hakugeuka, alinyoosha tu mguu mmoja taratibu chini ya meza, akipapasa kiatu.